Karamoja: Kila Zizi na Bunduki Yake

Wapo wanaoshikilia kwamba watu wote wakiwa na bunduki, adabu huongezeka: nani atamchokoza jirani anayeweza kumjibu kwa risasi? Hoja hii ina wapenzi wengi Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe. Ila huko zipo pia polisi na mahakama, kwa hiyo ni vigumu kujua kinachowatuliza watu ni kipi. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, bunduki ziliachwa peke yake.

Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wamatheniko, kundi la Wakaramoja wanaoishi jirani, wakajibebea. Kabla ya hapo ng'ombe waliporwa kwa mikuki, na kwa bunduki chache za kienyeji zilizoundwa kwa mabomba ya chuma.

Adabu iliongezeka? Wabokora, kundi jingine la Wakaramoja, waliokosa mgao wa Moroto, walikombwa mifugo. Ukame wa mwaka 1980 uliwakuta hawana cha kukamua wala cha kuuza, na njaa ikaua maelfu Karamoja. Walionusurika wakaanza kutafuta bunduki zao.

Pigo kubwa zaidi lilitua ndani ya boma. Uvamizi wa mikuki ulihitaji kundi kubwa, na kundi lilihitaji baraka za wazee, ambao waliweza pia kukataa, kupatanisha au kuamuru fidia. AK-47 haina haja na baraka. Vijana wachache wanatoka usiku, wanaswaga ng'ombe na kumuuzia mchuuzi, na mzee anasikia habari baadaye pamoja na watu wengine. Mwenye neno la mwisho akawa mwenye risasi.

Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha. Aliyesalimisha bunduki aliahidiwa plau na mabati. Zilipatikana kama 10,000. Mwaka uliofuata wanajeshi wengi wakahamishiwa vita dhidi ya kiongozi wa waasi Joseph Kony, na Wabokora waliokwisha kusalimisha wakavamiwa na majirani walioficha zao. Hapa watetezi wa bunduki wana hoja ya kweli: kumpokonya mtu silaha bila kumlinda ni kumtoa kafara.

Wao hupenda pia kuitaja Uswisi, yenye bunduki nyingi na amani. Lakini bunduki nyingi za Uswisi zimetokana na utumishi wa jeshi la akiba, na mwaka 2007 serikali iliamua risasi za jeshi zisikae tena majumbani. Nyuma ya bunduki hiyo ipo dola inayoaminika. Nyuma ya ile ya Karamoja kulikuwa na hofu ya jirani.

Hofu hiyo haijaisha. Julai 2021 jeshi la Uganda lilianzisha operesheni mpya ya kukusanya silaha, likaiita Usalama kwa Wote. Mei 2023 Rais Museveni aliamuru Waturkana wa Kenya watakaoingia Uganda na bunduki wakamatwe na kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi, kwa sababu Mkaramoja hawezi kuombwa asalimishe yake huku mgeni akichunga na ya kwake begani.