Je, Wajua? Wambuti, Msitu ni Nyumba, Msitu ni Mtakatifu

Wewe wa Bunia, shika njia ya Komanda hadi Mambasa, kisha uingie msituni. Msitu wa Ituri una zaidi ya kilomita za mraba 60,000! Wambuti, wakazi wake, huuita baba, huuita mama, na hapo wanapoishi ndipo mahali pao patakatifu.

Nani hujenga nyumba kambini? Mwanamke! Huchomeka fito kwa duara, huzikunja zikutane juu, kisha hupanga majani ya mangungu kama vigae, la juu likililalia la chini. Saa chache tu, mvua inyeshe itakavyo!

Na akigombana na mumewe? Huanza kuing'oa nyumba, jani kwa jani! Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi nao Epulu miaka ya 1950, aliona ugomvi mmoja uliopoa ghafla. Mke akasema majani yalikuwa machafu tu, akayapeleka mtoni kuyaosha.

Wajua kamba za wavu wa kuwindia hutoka wapi? Kwenye mmea utambaao uitwao kusa, nyuzi zake zikisokotwa juu ya paja. Wanaume huunganisha nyavu nusu duara, wanawake na watoto hupiga kelele upande wa pili, na mboloko, yule paa mdogo, huyo, wavuni!

Sasa sikia hili. Mtu akifa, au mawindo yakikosekana, Wambuti husema msitu umelala, basi uamshwe kwa nyimbo! Kila nyumba hutoa chakula na kuni kwa moto wa molimo, ndiyo sherehe hiyo ya nyimbo. Wanawake na watoto hujifungia ndani, wanaume huimba hadi usiku wa manane, na kutoka gizani molimo yenyewe huitikia: tarumbeta ndefu inayofichwa msituni na "kunyweshwa" maji ya mto. Turnbull alitarajia mti wa kuchongwa. Akaonyeshwa bomba la chuma, zaidi ya mita 4! Wenyewe hawakuona ajabu, sauti ndiyo waliyoitaka.

Okapi je? Wanasayansi walimtambua mwaka 1901 tu, Wambuti wakimjua siku zote. Ulimi wake hufika masikioni! Hifadhi yake, iliyoundwa 1992, ni kilomita za mraba zipatazo 13,700, na tangu 1996 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Halafu asali! Msimu wake ukifika, mwanamume hukwea mti wa mita 30 na moshi mkononi, nyuki wakimzingira, na chini kambi nzima inangoja.