Msafara, Gulio na Mnada: Maneno ya Fundi Auzaye Kazi Zake Safarini

Hivi karibuni tulipata kupitia tafsiri ya maelezo mafupi juu ya mafundi wa Ulaya wanaozunguka na kazi zao za mikono kutoka soko moja hadi jingine. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mafundi hao "husafiri kwa msafara". Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, lakini maana yake imepotoka. Mafundi waliokuwa wakielezwa walikuwa mtu na mkewe tu, nao walilala katika nyumba ndogo ya magurudumu iliyokokotwa na gari lao. Msafara haukuwapo.

Chanzo cha kosa hilo ni kwamba neno la Kiajemi karwan, lililoingia katika lugha nyingi za Ulaya, limepata maana mbili katika Kiingereza: kundi la watu wanaosafiri pamoja na mizigo yao, na nyumba ya kukokotwa. Kiswahili hakikulihitaji neno hilo kwa maana ya kwanza, kwani kilikuwa na neno lake, na kwa maana ya pili kitu chenyewe hakikuwapo. Katika makala haya tutajaribu kueleza maneno yanayomhusu fundi auzaye kazi zake safarini, tukichukua mifano yetu Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa, mahali ambapo ufundi, safari na soko vimekutana kwa muda mrefu. Jambo tunalotaka kulithibitisha ni moja: maneno tunayo, ila tunayachanganya, na anayeumia kwa mchanganyiko huo ni yule fundi.

1. Msafara na watu wake

Neno msafara limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa safari na msafiri. Maana yake ya msingi ni watu wengi wanaofuatana njiani kwa shughuli moja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipotoka pwani kuelekea bara, Kiswahili kilitembea nayo kama mzigo mwingine, na istilahi za kazi hiyo zikakamilika: tajiri aliyetoa mali, mnyapara aliyesimamia watu, kirongozi aliyetangulia mbele, mpagazi aliyebeba mzigo wa karibu kilo 30, posho ya chakula chao, na hongo waliyotozwa na watawala wa nchi walizopitia.

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ulikuwa mojawapo ya nchi zilizopitiwa na wageni wa aina hiyo. David Livingstone alipita upande huo mwaka 1872, na Joseph Thomson mwaka 1880. Wageni hawakukuta watu wanaongoja bidhaa za pwani mikono mitupu. Wafipa walikuwa wakulima wenye nafaka, wafumaji wa nguo za pamba, na mabingwa wa chuma. Mabaki ya matanuri yao ya udongo, yaitwayo malungu kwa Kifipa (umoja wake ilungu), yamechunguzwa na wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Bertram Mapunda wa Tanzania. Ilungu lilikuwa refu kuliko mtu, nalo lilijivutia hewa kwa matundu yaliyo chini, bila ya mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo zaidi lililopulizwa kwa mivukuto. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipofua majembe, mashoka na mikuki.

Baadhi ya maneno ya msafara yamebadili maana. Posho, iliyokuwa chakula cha mpagazi, leo ni fedha anayolipwa mtumishi aliye kazini. Mnyapara amebaki kuwa msimamizi wa vibarua au wa wafungwa. Mpagazi hajabadilika sana, kwani bado anapanda Mlima Kilimanjaro na mizigo ya watalii. Hongo tutaieleza mbele. Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya karne ya 19 anapaswa kukumbuka mabadiliko hayo, ili asimfanye mtawala wa zamani aonekane mla rushwa, wala mpagazi aonekane mtumishi anayedai malipo ya safari.

2. Fundi, mfanyabiashara na mchuuzi

Siku hizi mtu yeyote anayeuza kitu huitwa mfanyabiashara au mjasiriamali, na akiuza barabarani huitwa mmachinga. Majina hayo yana kazi yake. Lakini mama wa Ufipa anayefinyanga vyungu kwa udongo aliouchimba mwenyewe, akavichoma, kisha akavipeleka sokoni, hakununua kitu ili akiuze kwa faida. Yeye ni fundi anayeuza kazi yake. Mchuuzi ni yule anayenunua vyungu hivyo kwake na kwenda kuviuza mbali. Wote wawili wanaweza kupanda lori moja na kukaa mahali pamoja sokoni, lakini shughuli zao ni mbili.

Tofauti hiyo si ya wanalugha peke yao. Mwezi Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na kila kitambulisho kililipiwa shilingi 20,000. Tuchukue mfano wa mfinyanzi ambaye huenda sokoni mara chache tu baada ya mavuno. Je, ni mfanyabiashara mdogo? Jibu linategemea jinsi neno lilivyofafanuliwa katika waraka. Waraka usipolifafanua, mtoza fedha aliyesimama langoni ndiye atakayelifafanua, naye kila siku anaweza kutoa maana mpya.

Fasaha inatutaka pia tutaje kila ufundi kwa kitenzi chake. Chungu hufinyangwa, chuma hufuliwa, kikapu na mkeka husukwa, nguo hufumwa, mpini huchongwa. Katika ufumaji lugha yetu ina mtande, yaani nyuzi zinazotandazwa kwa urefu, na mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kwa mapana. Na chombo cha kufumia kiliitwa kitanda cha mfumi. Merikani, nguo ya pamba iliyopewa jina la Marekani ilikotoka, na kaniki kutoka Bara Hindi, zilipoenea, ufumaji wa nyumbani ulififia sehemu nyingi na maneno yake yakasahauliwa. Mwalimu wa ufundi hana haja ya kubuni maneno mapya kabla hajayatafuta haya. Doti, iliyokuwa mikono minane ya nguo katika biashara ya misafara, bado twaitumia kwa jozi ya khanga.

3. Soko, gulio na mnada

Soko ni neno la Kiarabu, nalo hutaja mahali pa kuuzia na kununulia, pawe pa kila siku au la. Gulio limetokana na mzizi wa Kibantu wenye maana ya kununua, ambao bado u hai katika lugha nyingi za bara. Maana yake ni soko la siku maalumu, kwa mfano mara moja kwa juma au kwa mwezi. Watu wa pwani, hasa Wamijikenda, wana neno chete kwa jambo hilo hilo. Mnada umetokana na kunadi, yaani kutangaza kwa sauti: dalali hutaja bei, wanunuzi hushindana, na apandishaye zaidi ndiye achukuaye.

Katika mikoa mingi ya bara, Rukwa ikiwa mojawapo, watu wameuita mnada hata ule mkusanyiko wote wa siku maalumu, labda kwa sababu mifugo huuzwa hapo kwa kunadiwa. Hatuwalaumu, maana lugha ni ya wasemaji. Lakini tangazo la ofisi likisema "bidhaa zote zitakazoletwa mnadani zitauzwa kwa utaratibu wa mnada", mfinyanzi ana haki ya kujiuliza kama dalali atavinadi vyungu vyake, au kama yeye mwenyewe atapatana bei na mnunuzi. Neno gulio lingemwondolea wasiwasi huo.

4. Ushuru, ada na hongo

Ushuru umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Asili yake yaonyesha kwamba ni malipo yanayofuata wingi wa mali. Ada asili yake ni desturi, nayo kwa matumizi ya leo ni malipo ya huduma au nafasi, kama vile kiwanja cha kupangia bidhaa. Hongo ya zamani ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya mtu, yakijulikana na kupatanwa hadharani. Leo neno hilo halina maana nyingine ila rushwa.

Fundi anayetoka kijijini kwenda Sumbawanga, Laela au Namanyere na vyungu kumi anahitaji kujua analipia nini. Akilipa ada, amelipia nafasi, iwe ameuza au hakuuza. Akilipa ushuru, amelipia bidhaa zake. Stakabadhi iliyoandikwa "malipo ya mnada" haimwambii lolote, na palipo na neno lisilosema lolote ndipo hongo ya leo hupata nafasi.

5. Mapendekezo

Kwanza, msafara litumike kwa watu au magari mengi yanayofuatana, na nyumba ya kukokotwa iitwe trela la kuishi, kwani trela limekwisha kuzoeleka. Pili, hati za ofisi zimtenge fundi anayeuza kazi zake na mchuuzi. Tatu, gulio liwe jina la soko la siku maalumu, na mnada libaki kwa uuzaji wa kushindana bei. Nne, kila stakabadhi itaje waziwazi kama ni ada au ushuru.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa fundi wa Ufipa methali hii haitoshi, maana chungu kizuri nacho hutembezwa kama wanunuzi wako mbali. Kumpunguzia ugumu wa njia si kazi ya wanalugha. Lakini kumwandikia tangazo ambalo ataelewa kila neno lake kabla hajafika langoni ni wajibu wetu sote tulio na kalamu. Tunawaomba wasomaji walioko Rukwa na kwingineko waendelee kukusanya maneno ya ufinyanzi, ususi na uhunzi kutoka kwa mafundi wenyewe, maana wao ndio wenye kamusi hiyo.