Mnara wa Rugomora Mahe na Tanuri la Katuruka

Ukimwomba mwenyeji wa Bukoba akuonyeshe jengo la kale, huenda akakupeleka Duka Kubwa na majengo mengine yaliyoachwa na Wajerumani, ambao walianza kujijenga hapo baada ya Emin Pasha kutia nanga mwaka 1890. Mwingine atakutajia Kashozi, ambako Mapadre Weupe walifungua misheni mwaka 1892. Je, wajua kwamba Maruku, kusini mwa mji huo, kuna masalia ya ujenzi yaliyotangulia yote hayo kwa miaka ipatayo 2,000? Wengi wanaijua Maruku kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, kile cha migomba na kahawa. Masalia hayo yako kijijini Katuruka, na si ya kanisa wala ngome. Ni ya tanuri la chuma.

Habari zake zilihifadhiwa na hadithi. Wazee wa Katuruka husimulia juu ya Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala ufalme wa Kyamutwara katika karne ya 17. Mfalme huyu alitaka kujua kilichoko mbinguni, akawaita wahunzi na kuwaamuru wamjengee mnara wa chuma wa kufika huko. Mnara ukapanda, ukapanda, mwishowe miguu yake ikadidimia ardhini, ukaanguka na kuua watu. Ukiuliza kazi hiyo ilifanyika wapi, jibu halikuwa la kubahatisha: pale penye mti mkubwa uitwao Kaiija, mti wa tambiko ambao jina lake lenyewe linahusishwa na uhunzi.

Mwaka 1969 alifika Mmarekani kijana, Peter Schmidt, akitafiti historia simulizi za Wahaya kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu. Angeweza kuuandika mnara huo katika orodha ya ngano na kuendelea na safari. Yeye alichukua sepeto. Mwaka 1970 alichimba karibu na mti, na chini ya ardhi akakuta mkaa, mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe, vile vyenye kishimo kitakoni, ambavyo vimepewa jina la mahali huko Siaya, Kenya, na vinapatikana pia Rwanda, Burundi na Uganda. Mkaa ulipopimwa kwa kaboni ya mnururisho, baadhi ya vipande vilitoa tarehe za karibu mwaka 500 kabla ya Kristo.

Hapo ndipo penye utamu. Tangu tarehe hiyo hadi enzi za Rugomora Mahe ni miaka 2,000 na zaidi. Yeye hakuanzisha uhunzi Katuruka; aliukuta ukiwa tayari ni jambo la kale, na inaelekea jina lake lilipandikizwa juu ya kumbukumbu ya mahali palipokuwa na heshima tangu zamani. Kwa maoni yangu hadithi ilikosea mtu na wakati, lakini mahali na kazi iliyofanyika hapo haikukosea hata kidogo. Wanahistoria waliozoea kudharau masimulizi ya wazee kwa sababu hayana tarehe wangepaswa kupitia Maruku kwanza. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: wako wataalamu waliozihoji tarehe zile za mwanzo kabisa, kwa kuwa mkaa wa mti mkongwe hutoa umri wa mti, si wa moto. Hata wao hawakatai kwamba miaka 2,000 hivi iliyopita chuma kilikuwa kikitengenezwa pwani hii ya Ziwa Viktoria. Matanuri mengine ya kale yamechimbuliwa jirani, Kemondo.

Sasa tuliangalie tanuri lenyewe, maana ni jengo la ajabu: hujengwa ili libomolewe. Tunajua lilivyofanya kazi kwa sababu mwaka 1976 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa takriban nusu karne. Wazee walikumbuka waliyoyaona ujanani, wakajaribu, wakarekebisha, hadi wakapata.

Kwanza huchimbwa shimo, na kuta zake hukandikwa udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto kuliko udongo wa kawaida. Shimo hujazwa matete na nyasi za bwawani, zikachomwa hadi ziwe makaa. Juu yake hupandishwa ukuta wa mviringo unaosongeka kuelekea juu, wa udongo huohuo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, hadi kimo cha karibu mita moja na nusu. Chini ya ukuta hupenyezwa mirija minane ya udongo, na kila mmoja una mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Kisha mkaa na mawe ya chuma humiminwa kwa zamu kutoka juu, na wavukutaji hawapumziki.

Watu wengi hudhani chuma huyeyuka humo na kutiririka. Sivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la namna hii halihitaji kufika huko. Hewa ikikutana na mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi inayonyang'anya jiwe oksijeni yake. Takataka za jiwe ndizo zinazoyeyuka na kushuka kwenye makaa ya matete, huku chuma kikijikusanya kuwa bonge lenye matundu kama sifongo. Makaa ya matete nayo huongeza kaboni ndani ya bonge, na kaboni ndiyo inayofanya chuma kiwe cha pua. Mwisho ukuta hubomolewa, bonge hutolewa, na mhunzi huanza kulipiga ili kulisafisha.

Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao mwaka 1978 katika jarida la Science. Walidai kwamba mirija ile, kwa kuingia ndani kabisa ya tanuri, iliipasha hewa joto kabla haijafikia mkaa, na kwamba mababu wa Wahaya walifanya hivyo kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Dai hilo limepingwa na wengine, wanaosema joto la ziada lilikuwa dogo mno. Mitandaoni ubishi huo hauonekani: utasoma kwamba Wahaya waliitangulia dunia nzima kwa chuma cha pua. Hapana, India na China nako walikitengeneza zamani. Bonge la Kihaya lilikuwa na sehemu za chuma cha pua na sehemu laini, na kulitambua na kulichambua ndiko kulikokuwa ufundi.

Tanuri lilikuwa pia na miiko yake. Lilihesabiwa kuwa mwanamke anayezaa, hivyo wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na dawa zilifukiwa katika kishimo kitakoni mwake. Vishimo vya namna hiyo vimeonekana hata chini ya matanuri ya kale.

Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya ndiyo yaliyozima moto huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mti wa Kaiija nao umekwisha kukatwa. Wazee wengi waliojua habari hizi wamefariki, na UKIMWI, ulioupiga mkoa huu wa Kagera mapema na vibaya, uliwachukua hata wale ambao wangezirithi. Ndiyo maana wanakijiji wa Katuruka waliamua wenyewe kukusanya masimulizi, kusafisha eneo na kujenga upya nyumba ya kifalme kwa ajili ya wageni, kisha wakamwita Schmidt arudi awasaidie. Safari hii wao ndio walioendesha utafiti.