Zamu ya Kwanza Si Ubingwa

Msikilizaji, katika kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mkononi, timu inayoshika mkia haishushwi daraja. Hupewa zamu ya kwanza ya kuchagua chipukizi kutoka vyuo vikuu. Shabaha ni kuwainua wanyonge. Je, zamu ya juu namna hiyo itumiweje?

Mwaka 1999 New Orleans Saints walimtamani mkimbiaji Ricky Williams. Ili wapate zamu ya 5, waliwapa Washington nafasi zote walizobaki nazo mwaka huo, na nyingine mbili za mwaka 2000. Williams alikuja, lakini hakuja na wenzake. Saints walishinda mechi 3 tu kati ya 16, na kocha Mike Ditka akafukuzwa.

Dallas Cowboys walifuata njia nyingine. Mwaka 1989, wakiwa hoi, walimwuza nyota wao Herschel Walker kwa Minnesota Vikings, wakajikusanyia nafasi za kuchagua. Moja waliibadilisha, wakampata Emmitt Smith. Katika miaka ya 1990 walitwaa ubingwa mara 3.

Ni kweli, mrushaji hodari hujenga timu: mwaka 1998 Indianapolis Colts walimchukua Peyton Manning kwa zamu ya kwanza, wala hawakujuta. Lakini zamu hiyo walikuwa nayo tayari. Hawakuuza kesho yao ili waipate. Timu yenye matundu mengi haizibwi kwa mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.