Vitabu vya Ndege na Ndege za Mfano: Hesabu Iliyofichika Katika Mchoro

Mtoto aliyekulia Mtwara katika miaka ya 1980 hakuhitaji saa ili ajue kwamba ndege ya Dar es Salaam imewasili. Mlio mwembamba na mkali wa injini mbili za Fokker F27 ulisikika kabla ndege yenyewe haijaonekana, na sisi watoto tuliacha gololi zetu mchangani tukakimbilia mahali penye uwazi ili tuitazame ikishuka. Jioni tulitengeneza ndege zetu wenyewe kwa mabua ya mtama, makuti na gundi ya wanga wa muhogo. Zote zilikuwa na mabawa, pua na mkia. Hakuna hata moja iliyoruka. Tulilaumu gundi, kisha tukalaumu upepo wa kusi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, niliingia katika duka la vitabu vikuukuu nikanunua kwa bei ndogo kitabu cha rejea cha ndege. Nilipofungua ukurasa wa Fokker F27 niliona picha niliyoitarajia. Chini yake palikuwa na michoro mitatu midogo na safu ya namba. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ndege niliyoitazama utoto wangu wote sikuwa nimeiona bado. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya vitabu vya namna hiyo, na katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini mkusanyo wa vitabu vichache tu unaweza kuwa maabara ya fizikia kwa shule isiyo na vyombo vingi.

Kitabu cha rejea kina nini?

Kitabu mashuhuri kuliko vyote vya aina hii kilianzishwa Uingereza na Fred T. Jane mwaka 1909, miaka sita tu baada ya ndege ya kwanza yenye injini kuruka, na kimeendelea kutolewa chini ya jina la Jane's. Viko pia vijitabu vya mfukoni vilivyokusudiwa kwa vijana. Vyote hufuata utaratibu mmoja: kila ndege huonyeshwa kwa michoro ya pande tatu, yaani kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka mbele, kisha hutajwa upana kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, urefu wa kiwiliwili, eneo la mabawa na uzito.

Siku hizi simu ya mkononi humpa mwanafunzi picha mia za ndege moja kwa dakika chache. Hata hivyo, picha huficha vipimo: kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, kilicho mbali huonekana kidogo. Mchoro wa pande tatu hauna udanganyifu huo. Tuchukue mfano. Fokker F27 ina mabawa yenye upana wa mita 29.0 na kiwiliwili cha urefu wa mita 23.56. Dash 8 Q400, ambayo Shirika la Ndege Tanzania lilianza kuipokea mwaka 2016, ina mabawa ya mita 28.4 na kiwiliwili cha mita 32.8. Zote mbili zina mabawa yaliyowekwa juu ya kiwiliwili na rafadha mbili, na kwa mbali mtu aweza kudhani ni ndugu. Namba zinasema vingine: ya kwanza ni pana kuliko urefu wake, ya pili ni ndefu kuliko upana wake.

Skeli, eneo na ujazo

Watengenezaji wa ndege za mfano hupenda sana skeli ya 1:72. Asili yake ni vipimo vya Kiingereza: inchi moja ya mfano husimama badala ya futi 6 za ndege halisi. Kwa skeli hiyo mabawa ya Fokker huwa na upana wa sentimita 40.3. Hadi hapa hesabu ni ya kugawanya tu, na wengi huishia hapo.

Lakini eneo halipungui kama urefu. Hupungua kwa kipeo cha pili cha 72, yaani 5,184. Mabawa ya Fokker yenye eneo la mita za mraba 70 huwa na sentimita za mraba 135 tu katika mfano. Uzito nao hufuata ujazo, kwa hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu, yaani 373,248. Ndege halisi ikiwa na kilo 20,000 wakati wa kuruka, mfano wake wapaswa kuwa na gramu 54 hivi.

Hapa ndipo nilipopata jibu la maswali ya utotoni. Mfano wa kwanza nilioutengeneza kwa kufuata mchoro ulikuwa mzuri wa kutazamwa, lakini nilipoupima kwa mizani ulikuwa na gramu 160, karibu mara tatu ya ulivyopaswa kuwa. Nguvu ya kuinua huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Hivyo mfano wenye uzito mara tatu huhitaji mwendo unaozidi kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani mara 1.7. Mkono wangu haukuweza kuurusha kwa mwendo huo. Wanga wa muhogo haukuwa na kosa, wala upepo wa kusi.

Pamoja na hayo, yafaa ieleweke kwamba mfano unaoruka haupaswi kuwa nakala kamili ya ndege halisi. Unata wa hewa hulisumbua bawa dogo zaidi kuliko bawa kubwa. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu huongeza kidogo ukubwa wa mkia ili mfano utulie angani.

Vitabu vinapopingana

Nilipopata kitabu cha pili nilishangaa kuona kwamba urefu wa Fokker F27 umeandikwa mita 25.06. Nani alikuwa amekosea? Hakuna. Kitabu cha pili kilieleza toleo la 500, ambalo kiwiliwili chake kilirefushwa kwa mita 1.5. Kama ningekuwa na kitabu kimoja tu, nisingeuliza swali hilo, wala nisingejifunza kuandika toleo na mwaka kando ya kila kipimo.

Wakati mwingine, hata hivyo, vitabu hukosea kweli. Tarehe 30 Mei 1899 Wilbur Wright wa Marekani aliiandikia Taasisi ya Smithsonian kuomba maandiko yote yaliyokuwapo kuhusu urukaji. Yeye na mdogo wake Orville waliyasoma, wakapiga hesabu, wakaunda ndege zisizo na injini mwaka 1900 na 1901. Nguvu ya kuinua ilikuwa ndogo mno kuliko ilivyoahidiwa na vitabu. Ndipo walipounda sanduku la mbao lenye kupulizwa upepo ndani, wakapima humo mabawa madogo ya mfano yapatayo 200. Waligundua kwamba namba ya kukadiria msukumo wa hewa, iliyorithiwa tangu karne ya 18, ilikuwa kubwa mno: vitabu vilisema 0.005, ilhali kipimo chao kilikaribia 0.0033. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao iliruka. Vitabu viliwafikisha mlangoni, na mifano midogo ikawafungulia.

Meli ya angani iliyokusudiwa kufika Umakonde

Mkusanyo wa vitabu hutufunulia pia historia ya kwetu. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani, L 59, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwapelekea vifaa askari wa von Lettow-Vorbeck, na mwisho wa safari uliokusudiwa ulikuwa nyanda za juu za Wamakonde, kaskazini ya mto Ruvuma. Iliitwa irudi kwa redio ilipokuwa Sudan, ikafika Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kutua popote. Haikutarajiwa kurudi Ulaya, kwa kuwa Umakonde hapakuwa na hidrojeni ya kuijaza upya. Hata kitambaa chake kilikusudiwa kikatwe na kutumiwa na askari.

Urefu wake ulikuwa mita 226.5. Mwanafunzi akate ufito kwa skeli ya 1:500: L 59 itakuwa na sentimita 45, na mabawa ya Fokker, kwa skeli ile ile, hayatafika sentimita 6. Akiviweka viwili hivyo juu ya dawati moja, ataelewa ukubwa wa jambo lile kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Kuanza shuleni

Mafundi wa ng'ambo hutumia mti wa balsa, ambao ni mwepesi sana. Mpingo, unaowapa wachongaji wa Kimakonde sifa duniani, huzama majini na haufai kwa kazi hii. Lakini pwani yetu haikosi vitu vyepesi: chelewa za mnazi kwa mifupa ya bawa, mabua ya mtama kwa kiwiliwili, na karatasi nyembamba ya tiara kwa ngozi. Udongo kidogo wa mfinyanzi puani husogeza mbele kitovu cha uzito, na mfano unaopenda kuinua pua hutulia. Majaribio na yafanywe alfajiri, upepo wa kusi haujaamka. Mchanga mpana wa Msimbati ni uwanja unaosamehe maanguko.

Ndugu mwalimu, si lazima kungoja maktaba kubwa. Vitabu viwili au vitatu vya mitumba vyatosha, maadamu wanafunzi wavisome vikiwa wazi pamoja. Waandike katika daftari moja jina la ndege, toleo, mwaka, na kipimo cha kila kitabu, watengeneze mfano, waupime kwa mizani, waurushe, kisha waandike tofauti kati ya kitabu na mchanga. Daftari hilo nalo litakuwa kitabu cha rejea, na wanafunzi wa mwaka ujao watakuwa na haki ya kulipinga kwa vipimo.