Ndoa kwa hesabu ya pauni: kinachochekesha katika riwaya ya Austen

RIWAYA ya Pride and Prejudice, iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 1813, aghalabu husomwa kama kisa cha mapenzi baina ya bwanyenye mwenye maringo na binti asiye na mali. Lakini anayeishia hapo hukosa uhondo wenyewe, kwani vichekesho vya Jane Austen vinahusu pesa.

Mzee Bennet ana mabinti watano na pato la pauni 2,000 kwa mwaka. Shamba lake limefungwa kwa masharti ya urithi yanayowatenga wanawake. Akifa, litamwendea jamaa yake Collins, kasisi mwenye majivuno. Msomaji humcheka Mama Bennet kwa kuwahangaikia wachumba usiku na mchana, ilhali tatizo alionalo ni la kweli. Mumewe hujifungia maktabani akitoa mizaha.

Collins anapomposa Elizabeth, binti wa pili, anamkumbusha kwamba urithi wake hautazidi pauni 1,000, hivyo huenda asiposwe tena. Posa gani hiyo! Hata hivyo, hesabu yake si ya uongo. Katika tabaka hilo, bibi harusi ndiye aliyetarajiwa kuja na mali, kinyume cha mahari ya huku kwetu. Elizabeth anakataa. Muda si muda rafikiye Charlotte, mwenye umri wa miaka 27, anamkubali kasisi huyo ili apate makao yake.

Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka. Naye, katika posa yake ya kwanza, anasimulia kwa kirefu fedheha ya kuoa katika ukoo wa chini, wenye wakili wa mji mdogo na mfanyabiashara wa London. Anakataliwa kama Collins. Wote wawili walidhani msichana maskini ana jibu moja tu.

Kisha Lady Catherine, dada ya mamake Darcy, anafunga safari kumwapisha Elizabeth asikubali kuolewa na mpwawe. Elizabeth anagoma. Bibi huyo anampelekea Darcy habari hizo kwa hasira, naye anapata tumaini la kurudi kuposa upya. Aliyekuja kuvunja ndoa ndiye anayeiunganisha.

Austen, binti wa kasisi, hakuolewa hadi kifo chake mwaka wa 1817. Alitaka pauni 150 kwa mswada huo. Mchapishaji Thomas Egerton akampa 110, na kitabu kikatoka bila jina lake.