Bwawa Likitibuka, Pima Kabla ya Kumwaga Dawa

Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani Chato hahangaiki kutafuta maji. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, liko hapohapo, na boza moja baada ya jingine linaweza kulijaza bwawa kwa muda mfupi. Shida huanza baadaye. Maji ya ziwa huja na mwani, na wakati wa masika huja pia na udongo uliosombwa na mvua. Kiangazi nacho huleta vumbi jekundu la barabarani. Siku chache tu baada ya kujaza, bwawa lililotarajiwa kuwa la buluu linafanana na maji yaliyooshewa mchele.

Hapo wengi hukimbilia ndoo ya klorini. Wanamwaga vikombe viwili, wanasubiri, wanaongeza vingine viwili. Maji hayabadiliki, au yanazidi kuwa meupe, na fedha zinaendelea kutoka. Dawa yenyewe mara nyingi haina kasoro. Imeingia tu kwenye maji ambayo hayakupimwa.

Bwawa lililotibuka ni hatari. Sharti la kwanza la usalama ni kwamba aliyesimama ukingoni aone sakafu ya kina kirefu waziwazi, hadi kwenye wavu wa tundu la kutolea maji. Mtoto aliyezama katika maji yenye ukungu anaweza kuwa mita 2 tu kutoka kwa baba yake asionekane. Kwa familia za kando ya ziwa kuna sababu nyingine tena. Kichocho husambazwa na konokono wa ziwani, na bwawa linalotunzwa vizuri humpa mtoto mahali pa kujifunza kuogelea bila kuuogopa ugonjwa huo. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono havidumu zaidi ya siku 2 hivi visipompata mtu, na klorini ya kutosha huviua mapema zaidi. Klorini iliyofungwa nguvu haiwezi kazi hiyo.

Nguvu ya klorini inategemea kipimo kiitwacho pH, kinachoonyesha kama maji yameelemea upande wa tindikali au upande wa magadi. Namba 7 ndiyo katikati, na bwawa linatakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Katika pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu kwa haraka. Ikipanda hadi 8, inayobaki na nguvu hiyo ni kama robo tu. Mwani unapostawi juani hunyonya hewa ya kaboni iliyomo majini, na pH hupanda. Kuta mpya za saruji huipandisha pia. Klorini ya unga, ile yenye kalsiamu, nayo huisukuma juu. Kwa hiyo anayemwaga klorini ya unga bila kupima huenda anaidhoofisha klorini anayoiongeza, na kalsiamu iliyozidi katika maji yenye pH ya juu hugeuka chembe za chokaa zinazoongeza weupe.

Kupima si kazi ngumu. Vifaa vya matone au vitepe vya karatasi hupatikana kwa wauzaji wa dawa za mabwawa. Maji ya kupimia huchotwa kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji yaliyochujwa, kwa sababu maji ya juu kabisa yamepigwa jua na hutoa jibu la uongo. Tone la pH huyageuza maji kuwa ya njano, machungwa au mekundu, na rangi hiyo hulinganishwa na kadi. Kipimo cha klorini hutoa waridi: kadiri inavyokolea, ndivyo klorini ilivyo nyingi. Tahadhari ni moja: klorini ikizidi mno, waridi huchujuka na maji yakaonekana kama hayana dawa kabisa. Aliyetoka kumwaga klorini nyingi akiona kipimo cheupe, achanganye sampuli na maji safi yasiyo na klorini kisha apime upya.

Klorini huru inatakiwa kuwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Ile harufu kali ambayo watu huichukulia kuwa dalili ya dawa nyingi hutokana zaidi na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Bwawa linalonuka hivyo kwa kawaida linahitaji klorini mpya.

Kipimo cha tatu husahaulika sana, nacho kina uzito wa pekee Chato. Ni alkalini, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe. Bwawa linahitaji kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana madini machache, hivyo pH yake huruka juu na chini kwa dawa kidogo tu. Tiba yake ni bikaboneti ya sodiamu, ileile inayotumika kuumua maandazi. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000. Kuinua alkalini yake kutoka 40 hadi 80 huhitaji kilo 3.2 hivi, zinazotiwa kwa awamu.

Hata wenye fedha nyingi na mafundi wa kutosha huteleza. Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, bwawa la kupigia mbizi liligeuka kijani mbele ya dunia nzima. Ilibainika kuwa lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimetiwa humo. Kemikali hiyo hutumika kusafishia maji, lakini ikikutana na klorini huivunja nguvu, na mwani ukapata nafasi.

Kusafisha bwawa lililotibuka kuna mpangilio wake. Kwanza ni chujio la mchanga: geji ya presha ikiwa juu kuliko kawaida, chujio limeziba na lioshwe kwa kurudisha maji kinyumenyume. Kisha alkalini hurekebishwa, halafu pH. Klorini ndiyo hufuata, tena jioni, maana jua la karibu na ikweta huila klorini isiyokingwa kwa kasi kubwa. Kwa bwawa lile la lita 48,000, klorini ya unga ya asilimia 65 kiasi cha gramu 740 huongeza miligramu 10 kwa lita, kipimo cha kuanzia dhidi ya mwani. Pampu iachwe ikizunguka usiku kucha.

Asubuhi, ikiwa kijani kimekwisha lakini ukungu umebaki, hizo ni chembe za udongo ndogo mno kunaswa na mchanga. Hapo ndipo shabu huingia, ileile ya kutulizia maji ya ndoo. Hushikanisha chembe, zikawa nzito na kuzama. Gramu 50 hivi kwa kila lita 1,000 hutosha, lakini hula alkalini ya miligramu 25 kwa lita. Katika maji laini ya ziwa ambayo hayakuandaliwa, pH itaporomoka. Pampu huzimwa, maji hutulia usiku mzima, kisha tope la chini hunyonywa polepole na kutolewa nje bila kupita kwenye chujio.

Dawa hizi zina ukali. Klorini haichanganywi na tindikali, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu, wala klorini ya unga haikutanishwi na ya vidonge ndani ya ndoo moja, kwani zinaweza kulipuka. Daima dawa hutiwa kwenye maji, si maji kwenye dawa.

Yako pia maji yanayotolewa. Klorini huwadhuru samaki hata ikiwa kidogo, na mfereji wa Chato mara nyingi huelekea ziwani waliko sato, sangara na dagaa. Ikiwa bwawa zima litamwagwa, klorini isitiwe kwa siku kadhaa, jua liifanyie kazi, na maji yafunguliwe kipimo kikisoma sifuri. Tope lenye shabu lielekezwe kwenye shimo la ardhini, mbali na kisima.